Macho ya Nyar Magunga

Nilikuwa bado mtoto wa mapengo nilipofundishwa kwamba jicho la mtu linaweza kuingia kwenye chakula. Si uchawi wa kwenda kutafuta kwa mganga, la. Ni kitu mtu huzaliwa nacho, kama mwingine anavyozaliwa na kidole cha sita, na pengine mwenyewe hajui. Akikutazama unakula, tonge linakwama. Linakaa hapo kooni au tumboni, haliendi mbele wala halirudi, mpaka unyong'onyee na kuisha. Kwetu, vilimani nyuma ya Kendu Bay, jicho hilo liliitwa sihoho, na hakuna mama aliyemwacha mtoto na bakuli mlangoni akaenda kuteka maji. Mimi niliogopa macho ya watu kabla sijaogopa nyoka.

Mama alitoka Uriri, kwa hiyo pale alipoolewa kila mtu alimwita Nyar Uriri, binti wa Uriri, na jina lake la ubatizo likabaki la kanisani tu. Mke wa baba yangu mdogo alitoka Magunga, akaitwa Nyar Magunga. Waume zao hawakuonekana sana. Baba mdogo alikuwa Kericho kwenye majani chai, na Baba alifanya kazi katika kiwanda cha kuchambulia pamba, akirudi kwa baiskeli Jumamosi na kuondoka Jumapili jioni. Uhuru ulikuwa umekuja juzijuzi, ziwa nalo lilikuwa limepanda na kumeza mashamba ya watu wa chini, na wanaume walifuata kazi popote iliposikika. Wake hao wawili wakabaki na watoto, na mbuzi, na mama mkwe aliyekuwa amekwisha kufa lakini bado aliogopwa.

Walikula pamoja. Nyumba zao zilitazamana, na hata siku ambayo kila mmoja alikuwa amepika chake, vyungu vyote viwili viliishia jikoni kwa Mama, wakakaa chini na kumega ugali kutoka sahani moja. Nyar Magunga alikuwa na macho makubwa, yaliyojitokeza kidogo, na tabia ya kukukazia macho unaposema, asipepese mpaka umalize. Mama alipenda kumtania. "Wewe hata kusikia unasikia kwa macho," alimwambia. Walicheka mpaka mboga ikaungua. Mimi nimeishi na watu wengi na sijapata rafiki wa namna ile.

Siku jambo lile lilipoanza, walikuwa wanakula samaki, ngege wa mchuzi. Waya Dorka alikuwepo. Waya ni shangazi, dada ya Baba, na huyu alikuwa mkubwa wake, mjane aliyeolewa upande wa Homa Bay, mwanamke mrefu asiyeketi bila kazi mkononi. Alikuwa amekuja kutusalimia. Nyar Magunga akamtazama Mama akitowea, akacheka, akasema, "Nyar Uriri, leo unakula kama anayenyonyesha pacha."

Mama naye akacheka, na tonge likakwama. Akanywa maji, maji yakarudi puani. Akatoka nje, akainama, tukamsikia akihangaika, na aliporudi machozi yalikuwa yanamtoka na bado anacheka. Nyar Magunga alimpigapiga mgongoni. Lakini mimi nilikuwa nimemwona Waya akiweka tonge lake chini. Kwetu mtu anayekula hasifiwi.

Kama lingekuwa la siku ile tu, lingesahaulika. Wiki iliyofuata lilikwama tena, na baadaye likawa halipiti bila kusukumwa na maji. Ugali mgumu ukamshinda, kisha nyoyo, mahindi na maharage ya kuchemsha, kisha hata viazi. Shingo ikawa ndefu, na mifupa miwili ya chini ya koo ikatoka nje mpaka mtu akaona aibu kuitazama. Waya akafunga nyumba yake kule Homa Bay, akaja na kikapu cha nguo kumuuguza mke wa ndugu yake. Jambo la kwanza alilofanya ni kwenda hadi mlangoni kwa Nyar Magunga.

"Usimchukie mtu," alimwambia, na sauti yake ilikuwa ya upole, hilo lazima niliseme. "Hakuna anayesema umefanya kwa kupenda. Lakini usije tena anapokula."

Nyar Magunga hakubisha. Aliangalia chini. Tangu siku ile mlango wa nyumba yake ulioelekea kwetu ukawa umefungwa, akawa anapika nyuma, kwenye mafiga ya nje, na moshi wake ndio uliotuambia kwamba yupo.

Baba alimpeleka Mama hospitali ya wamisheni, akarudi naye akiwa amekunja uso. Jioni ile alimweleza Waya yale waliyoambiwa, na aliyasema kwa Kiswahili kama alivyoyasikia kwa mkalimani wa daktari, maana maneno ya hospitali hayakuwa na Kijaluo nyumbani kwetu. "Kuna kitu imeota kwa koo. Daktari hawezi kuikata. Ale vitu laini, kidogo kidogo, uji, supu, maziwa. Na asiachwe kula peke yake. Daktari anasema mgonjwa kama huyu roho yake inachoka mbele ya mwili."

Waya alisikiliza yote. Nusu aliichukua na nusu akaiacha, na hiyo nusu aliyoichukua aliibeba kwa nguvu zake zote. Sijaona mtu akimpikia mgonjwa vile. Alisaga wimbi kwenye jiwe mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka unga ukawa vumbi la kupeperuka. Alichemsha ngege mpaka nyama ikaachana na miiba, akaitwanga, akaichuja kwa kitambaa alichokata kwenye kanzu yake nyeupe ya kanisani, na kanzu ile ilikuwa moja tu. Alituma watu chini ziwani wamletee kichwa cha samaki kamongo kwa ajili ya mafuta. Aliponda mapapai, aligandisha maziwa, alipoza uji kwa kuumimina kibuyu hadi kibuyu mpaka usiunguze popote. Wanaosema watu wa zamani hawakujua kulisha mgonjwa hawakumjua Waya Dorka.

Kisha alikificha chakula kile. Alikibeba chini ya shuka yake akivuka uwanja, tena kwa haraka, kama aliyekiiba. Kwenye dirisha la Mama alikuwa ametundika gunia. Mlango ulifungwa. Mle gizani alimwekea Mama kibuyu mkononi, naye mwenyewe akageuka akatazama ukuta, kwa sababu hakuna ajuaye kwa hakika jicho lake limebeba nini, na Waya hakujiamini hata yeye. Nami nilikuwa mle kumshikia Mama bakuli la kutemea. "Geuka, nyathina," aliniambia, mtoto wangu, geuka. Tukawa wawili tumetazama udongo, nyuma yetu mtu anapigana na kijiko cha uji.

Nimeuguza tangu wakati huo. Mume wangu aliugua saratani ya ini, na muuguzi alituketisha jamaa wote kwenye benchi akatuambia tumpikie anachokiweza na tukae naye anapokula, tumtazame usoni, tuongee. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesoma. Jioni ile nikampelekea kijiko mdomoni, na kabla sijajua ninafanya nini shingo yangu ilikuwa imekwisha geuka. Akaniuliza, "Kwani nanuka?"

Mama hakuliamini jambo lile hata siku moja. "Nyar Magunga ameniona nikila tangu nilipoolewa," alimwambia Waya. "Kama macho yake yanaua, mbona hayakuniua nikiwa mnene?"

"Mnene hana ufa wa kuingilia," Waya akajibu.

"Waya, nakula kama mwizi. Chakula chako ni kizuri, lakini nakula kama mwizi."

"Kula tu."

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji, na Waya hakumuuliza. Hakumuuliza pia kingine chochote.

Kisha akaletwa mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto, mtaalamu wa kutoa sihoho. Alimpaka Mama siagi kuanzia shingoni mpaka chini ya matiti, akamkanda, akamchanja kwa wembe chale fupi fupi, akabandika pembe ya ng'ombe na kuinyonya. Aliponyanyuka akatema kwenye jani la mgomba. Waya akaniita nione. Palikuwa na punje ya mahindi, na kitu kama ngozi ya samaki, na mwiba mwembamba. "Ngege wa siku ile," Waya akasema kwa furaha.

Na Mama akameza. Hilo ndilo lililotumaliza. Siku zilizofuata alikunywa kibuyu kizima cha uji bila kurudisha, akaomba mchuzi, akaketi nje juani akasuka nywele zangu. Leo najua kwamba ugonjwa ule una siku zake za kulegeza mkono, na zikiisha unakaza zaidi. Lakini wakati ule nani angetuambia? Onyo la Waya lilikuwa limetimia mbele ya macho yetu, na mwiba tuliuona. Jirani aliyekuwa na shaka akaacha kuwa na shaka. Watoto walioagizwa kwa Nyar Magunga walianza kula kwanza ndipo waende, na wengine hawakuagizwa tena. Hata Mama alinyamaza kwa muda, maana mtu atabishaje na uji unaopita?

Koo lilipofunga tena, lilifunga kweli. Hapo ndipo Mama alipoacha kufungua mdomo. Si kwamba alishindwa, bado maziwa yalikuwa yanapita akiyavumilia. Alikataa. Waya akileta kibuyu, Mama anageukia ukutani yeye.

"Nataka kula na Nyar Magunga," alisema. "Akija, nitakula."

Jumamosi alimwomba Baba. Nilikuwepo. Baba alikuwa mtu wa ofisini kule kiwandani, alijua kuandika kwa mwandiko wa kulala, na ndiye aliyebeba maneno ya daktari hadi nyumbani. Alikaa kwenye kigoda akizungusha kofia mikononi, akamtazama mkewe, akamtazama dada yake aliyekuwa amechana kanzu yake na kuacha nyumba yake. "Tungoje upate nguvu kidogo," akasema mwishowe. Nilimwona Mama akifumba macho. Sijui kama nimewahi kumsamehe Baba, na yeye hakuwahi kuniomba.

Wiki ile Mama alikonda mpaka hata pete ikamtoka kidoleni. Waya alisihi, akatisha, akaimba nyimbo za kanisani, akalia. Asubuhi moja alichuja mchuzi, akauweka mbele ya mgonjwa, na mgonjwa hakugeuza hata shingo. Waya akaketi sakafuni na mikono mitupu, nami nikaogopa, kwa kuwa sikuwahi kuiona mikono yake ikiwa mitupu. Kisha akasimama, akanishika mkono, tukavuka uwanja.

Nyar Magunga alikuwa nyuma ya nyumba yake anapepeta mtama. Naye alikuwa amekonda, jambo ambalo hakuna aliyelitazamia.

"Nimekuja kukuita," Waya alisema. "Hafungui mdomo. Anakutaka wewe."

Nyar Magunga aliendelea kupepeta. "Siwezi kwenda."

"Mimi ndiye niliyekukataza. Sasa mimi ndiye ninayekuita."

"Nisije nikammaliza."

Waya alikuwa amejitayarisha kwa hasira, nadhani, au kwa kutakiwa kuomba radhi. Kwa hilo hakuwa amejitayarisha. Nyar Magunga akaweka ungo chini, akatueleza huku ameangalia miguu yake. Kule Magunga alikuwa na mdogo wake wa kiume, akifundishwa kula, na yeye ndiye aliyekuwa akimlisha. Mtoto alikufa. Wakati ule watu walisema ni surua. Kisha mwanawe mwenyewe wa kwanza, ambaye hakushika titi, akafa. Alikuwa amekaa nyuma ya mlango ule uliofungwa miezi yote ile akihesabu kila mtu ambaye yeye aliwahi kumtazama akila, na kila hesabu ilimrudia vibaya. "Mlisema kweli," akasema. "Sikujua. Lakini mlisema kweli."

Maneno yale yalikuwa ya Waya mwenyewe.

Walibishana muda mrefu, sauti zao zikiwa chini. Mwishowe Nyar Magunga aliingia ndani akatoka na leso, akaikunja mara mbili na kujifunga machoni, akakaza fundo kisogoni mpaka ngozi ya mashavu ikavutika. Akanyoosha mkono hewani. Waya akaushika, akamwongoza kuvuka uwanja kama anavyoongozwa kipofu, watu wa njiani wakasimama kutazama. Mimi nilitangulia kufungua mlango.

Mama alitabasamu. Nakumbuka kwa sababu meno yalionekana makubwa usoni pale. Waya akawakalisha mkekani, akaweka mchuzi katikati na vijiko viwili, na kwa mara ya kwanza akaacha mlango wazi. Nyar Magunga alipapasa mpaka akaupata mkono wa Mama. Akaushika, akauachia, akaushika tena. Nadhani alikuwa anaupima.

"Kula," alisema.

"Fungua hiyo leso," Mama akasema.

"Kula kwanza."

"Hujaniona siku nyingi. Nitazame, kisha tule."

"Nikikutazama utakufa, Nyar Uriri."

"Si nakufa tu? Nitazame."

Nyar Magunga alitikisa kichwa. Alilia bila sauti, leso ikalowa mahali pa macho, ikawa nyeusi hapo, madoa mawili. Mama alinyanyua mkono ili aifungue mwenyewe, lakini mkono ule haukuwa na nguvu ya kufika kisogoni kwa mtu, na Nyar Magunga alipouhisi usoni aliushusha taratibu na kuurudisha mkekani.

Hapo Waya akasema, "Mtazame." Akalisema kama ombi. Akalirudia. Yeye aliyetundika gunia dirishani, aliyegeuza shingo zetu zote, sasa alikuwa amepiga magoti kando ya mkeka akimsihi mwenzake afungue macho, na mwenzake akawa hawezi. Imani ile ilikuwa imekwisha kuhama kwa Waya ikaenda kukaa kwa mwingine, na huko haikusikia amri ya mtu.

Mama alikunywa kijiko kimoja. Alikunywa kwa ajili yao, nadhani, kwa adabu, kama mgeni. Mchuzi uliobaki ukapoa. Mimi nilimtazama wakati wote, sikugeuka, hakuna aliyekumbuka kuniambia nigeuke. Lakini hayakuwa macho yangu aliyoyaomba. Hakula tena baada ya siku ile, na kabla Baba hajarudi kwa Jumamosi yake, tulikuwa tumekwisha tuma mtu kiwandani kumwita.

Waya Dorka aliishi sana. Alikufa akiamini kwamba alimchelewesha Mama asiende mapema, na pengine ni kweli, kwa uji ule na michuzi ile. Sikumpinga. Alimpenda Mama kuliko dada wengi wanavyopenda wake za ndugu zao, na kama kungekuwa na njia ya kumuokoa kwa kutwanga na kuchuja, angemuokoa.

Nyar Magunga ndiye niliyeona lazima nimwambie. Nilikuwa mwanamke mzima, mwenye watoto, nilipomweleza daktari mmoja dalili za Mama tangu mwanzo hadi mwisho, naye akanipa jina lake, saratani ya umio, na akanihakikishia kwamba kwa miaka ile hakuna ambaye angefanya lolote. Nilisafiri na neno lile kama mtu anayebeba dawa. Nilimkuta barazani anabambua njugu, mzee sasa, macho yake bado makubwa, lakini alikuwa amezoea kuyaelekeza chini mtu anapozungumza naye.

"Mama mdogo," nilimwambia, "haikuwa wewe. Ulikuwa ugonjwa, una jina lake. Ulianza kabla ya siku ile ya ngege. Hata ungekuwa kipofu, hata usingezaliwa, Mama angekufa."

Alibambua njugu kadhaa. "Una hakika?"

"Nina hakika."

"Daktari amesema macho hayakuingia popote?"

"Hayakuingia, mama mdogo."

Nilisubiri auteremshe mzigo. Nilikuwa hata nimeandaa maneno ya kumfariji akilia.

"Basi," akasema, "ningeweza kumtazama."

Miaka yote ile alikuwa amebeba kifo cha Mama, hilo nililijua. Nisilolijua ni kwamba alikuwa na kitu kimoja cha kujishikizia, kwamba siku ile mkekani alijinyima ili mwenzake aishi. Hicho ndicho nilichokwenda kumnyang'anya.